Pedali ya Tatu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta huku Njiro. Pikipiki iliyofungwa madumu mawili ya maziwa ikaja kusimama karibu na dirisha langu. Pampu ya pembeni ilikuwa inajaza lori, dizeli ikamwagika kidogo kwenye sakafu ya saruji, na harufu zile mbili zikaingia garini kwa pamoja: dizeli na maziwa mabichi ya asubuhi. Nilishindwa kusogea. Kijana wa nyuma yangu alipiga honi mara mbili, kisha akatoa kichwa nje. "Dada, foleni haiendi kwa maombi! Sogeza!" Nilisogeza. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiwaza gari letu la kijijini kwetu Akheri, na nimeona heri niieleze habari hii taratibu, tangu mwanzo, kwa sababu sijawahi kumweleza mtu yeyote ikaisha.

Mama yangu alipata polio akiwa mdogo. Mguu wake wa kushoto ulibaki mwembamba kama mkono wangu, na alitembea kwa fimbo moja, akiutupa ule mguu mbele kila hatua. Baba alikuwa dereva wa watalii. Alipopata gari lake mwenyewe, lilikuwa gari kuukuu la abiria, lile la umbo la mkate, ambalo injini yake hukaa chini ya viti vya mbele. Lilitumia petroli, na gia zake zilijibadilisha zenyewe. Alilichagua hilo kwa makusudi. Wenzake walimcheka wakisema otomatiki ni gari la kupeleka mabibi harusi, lakini yeye alijua alichokuwa anakitafuta.

Labda nieleze kidogo, kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye usukani. Gari la otomatiki lina pedali mbili tu, ya mafuta na ya breki, na zote ni kazi ya mguu wa kulia. Mguu wa kushoto hauna kazi, umekaa tu kama abiria. Gari la gia za mkono, ambalo mafundi wetu huliita manyuo, lina pedali ya tatu, upande wa kushoto kabisa. Hiyo ndiyo klachi. Ukitaka kuondoka, kubadili gia au kusimama bila injini kuzimika, ni lazima uikanyage mpaka chini kisha uiachie polepole. Na klachi ya gari la dizeli ni nzito.

Baba alimfundisha mama kuendesha kwenye uwanja wa kanisa, siku za Jumamosi. Baada ya miezi michache mama alikuwa anakusanya maziwa ya wanawake wa mtaa wetu kila alfajiri, anashuka nayo mpaka barabara kuu, kisha anaingia mjini na kuyagawa kwenye nyumba za Njiro, mlango kwa mlango. Walinzi wa kule walimjua kwa mlio wa honi. Mwanamke aliyekuwa akipanda ngazi tatu za kanisa kwa shida alipita barabarani akiwapungia mkono watu wazima wenye miguu yao miwili. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha kando, madumu yakigongana nyuma, na sikujua kwamba kuna mama wengine ambao hawaendeshi.

Kisha baba akafariki. Sitalieleza hilo hapa. Baada ya mazishi kikao cha ukoo kilikaa nyumbani, kama ilivyo desturi, kikamchagua mdogo wake baba, Baba Godi, awe msimamizi wa mirathi. Alikuwa akiishi Olasiti, upande wa pili wa mji. Maana yake ni kwamba shamba, ng'ombe na gari viliendelea kuwa vyetu, lakini jambo lolote kubwa lilipita mikononi mwake. Mama hakulalamika. Gari liliendelea kulala uani kwetu na ufunguo uliendelea kuning'inia shingoni mwake.

Mwaka uliofuata giaboksi ikaanza kuchoka. Tukifika kwenye mlima wa kurudi nyumbani, injini ilinguruma lakini gari halikupanda. Siku moja likagoma kabisa, tukaliacha kando ya migomba. Baba mdogo alikuja, akazunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke.

"Shemeji, hii imekufa," alisema. "Tunaitoa yote, injini na giaboksi. Tunaweka dizeli. Dizeli inapanda huu mlima kama punda."

"Otomatiki lakini," mama alisema.

"Fundi ataangalia kilichopo."

"Baba Godi. Otomatiki."

"Nimesikia, shemeji."

Ng'ombe wawili waliuzwa. Gari likavutwa kwa kamba mpaka gereji moja ya Olasiti. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mama alinipeleka nikae kwa baba mdogo wiki mbili zile. Yeye asingeweza kutoka, kwani maziwa bado yalikamuliwa na ilimbidi kuomba huyu na yule ayabebe kwa pikipiki. Alinishika mabega. "Wewe ni macho yangu," aliniambia. "Nenda pale gereji kila siku. Jioni nitapiga simu ya mama mdogo, uniambie kila kitu walichofanya." Nilikuwa na miaka tisa, na sijawahi kupewa kazi nikaipenda kama ile.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wenye udongo mweusi kwa oili, na mti mmoja wa mjohoro. Fundi aliitwa Rama, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye aliongea na vyuma kuliko na watu. Nilimwamkia, "Shikamoo fundi," akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akanionyesha ndoo iliyopinduliwa. "Kaa hapo, mkaguzi."

Nilikaa hapo siku zote. Niliona injini ya zamani ikishushwa kwa cheni iliyofungwa kwenye mihimili mitatu ya chuma, ikiyumba kama ng'ombe aliyechinjwa. Niliona injini ya dizeli ikiletwa kwenye mkokoteni, nyeusi, nzito, fupi kuliko ile ya kwanza. Hakuna kilicholingana. Vishikizo vya kuiwekea injini vilikuwa mahali tofauti, wakavikata na kuvichomelea upya. Ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ilizidi urefu, ikapelekwa kwa mchongaji ikapunguzwa. Waliongeza waya za kupasha injini joto asubuhi, kwa sababu dizeli haiwaki kwa cheche kama petroli, inawaka kwa joto na kubanwa. Fundi Rama alinieleza yote hayo siku aliyokuwa na furaha, na jioni nilimweleza mama neno kwa neno.

"Leo wamefanya nini?" aliuliza.

"Wamekata shafti, mama. Ilikuwa ndefu."

"Wameipima vizuri?"

"Fundi amepima mara tatu. Amesema chuma hakirefushwi kwa kulia."

Mama alicheka. Nilimsikia akimrudia jirani maneno yale, na jirani naye akacheka. Nilijiona mtu muhimu.

Siku ya sita nilimkuta fundi amelala ndani ya gari kifudifudi, upande wa dereva, na cheche za kukatia chuma zikiruka mpaka nje. Alikuwa anatoboa sakafu. Alipomaliza alichukua kitu kutoka kwenye gunia, akakipachika kwenye lile tundu. Ilikuwa pedali. Nikahesabu: moja, mbili, tatu.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na soda mkononi.

"Bosi," fundi alisema, akijifuta jasho, "kabla sijaendelea. Yule mama wa hili gari si mguu wake una shida? Kule Moshi kuna dizeli yenye otomatiki yake. Wiki moja tu inafika. Hii tukimaliza kuchomelea hatutarudi nyuma."

"Otomatiki zinafia milimani, Rama. Si umeona?"

"Nimeona. Nauliza mguu."

"Hilo niachie mimi."

Sasa inabidi nieleze nilivyokuwa nafikiri, na nawaomba mnivumilie. Mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimemsindikiza mama hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi. Yule mtaalamu aliukunja mguu wa mama na kuukunjua, akamwambia kwamba tatizo lake ni kuupumzisha mno. Mguu, alisema, unataka kazi, hata ndogo, kila siku. Mama alipotoka nje alinung'unika, "Kazi gani nitaupa mguu huu?" Mimi niliibeba ile habari moyoni kama hesabu ambayo haijapata jibu. Na sasa jibu lilikuwa mbele yangu. Walikuwa wamemtengenezea mama pedali ya mguu mbovu. Kila asubuhi angeendesha, mguu ungefanya kazi, na baada ya muda ungenenepa kama mwenzake. Fundi alikuwa anauliza kuhusu mguu, baba mdogo akasema aachiwe yeye. Nikaona wamepanga jambo la upendo mkubwa, na nikajiona mwerevu kwa kuligundua.

Nilimvuta baba mdogo shati. "Baba mdogo, hiyo pedali nisimwambie mama?"

Nakumbuka alikunywa soda kwanza. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Usimwambie," alisema. "Tumshangaze."

Jioni ile mama alipopiga simu nilikuwa nimejaa siri mpaka kifua kinauma.

"Leo wamefanya nini, macho yangu?"

"Wamesafisha tu, mama."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Siku nane zilibaki kabla gari halijatoka. Mara nane mama aliniuliza, mara nane nilitafuta kitu kingine cha kumwambia: rejeta, betri, rangi ya mlango.

Kwetu gari jipya, au lililofufuka, haliingii kazini bila kuombewa. Tulirudi Akheri Jumapili baada ya ibada. Baba mdogo aliendesha, nami nikiwa kando yake, na kweli mlima ule gari liliupanda kama punda aliyeshiba. Uani wanawake wa maziwa walikuwa wamejaa, wamevaa khanga za kanisani, na sufuria kubwa ya loshoro ilikuwa mezani, mahindi na maziwa mgando, chakula cha siku za furaha. Mchungaji alikuwepo na Biblia yake. Mama alikuwa amevaa gauni la bluu. Kamba ya ufunguo bado ilikuwa shingoni mwake, tupu tangu gari lipelekwe gereji.

"Mama Ndeshi, panda kwanza ulipashe moto!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Tusije tukaombea gari lisilo na dereva!"

Wakapiga vigelegele. Mama akaja na fimbo yake akicheka, akafungua mlango, akashika usukani ili ajivute juu. Kisha akatazama chini.

Nilikuwa nimesimama karibu ili nisipitwe na uso wake. Nilikuwa nimeuwaza uso huo siku nane. Kicheko hakikuondoka mara moja, kilibaki midomoni huku macho yameshakiacha. Alipanda, akakaa. Akaukamata mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, chini ya goti, akauinua na kuuweka juu ya ile pedali kama mtu anayeweka mzigo kwenye rafu. Akasukuma. Pedali haikushuka hata unene wa kidole. Akasukuma tena, na goti likaanguka pembeni.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja.

"Shemeji, usihangaike," baba mdogo alisema kwa sauti ya kuwasikilizisha watu. "Dereva nipo. Nimeshapanga na kazini kwangu. Kuanzia Jumamosi nitakuwa nakuja mwenyewe, wewe ukae pale mbele kama malkia."

Wengine walipiga makofi, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Mchungaji alifungua Biblia. Mama hakushuka. Aliombewa akiwa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, akitazama mbele kwenye ukuta wa zizi. Aliposhuka alikuwa ameshauchomoa ufunguo na kuurudisha kwenye kamba yake, na watu walipomaliza kula, baba mdogo alimnyooshea mkono apewe.

"Ufunguo unalala kwangu," mama alisema.

Baba mdogo alicheka. "Ulale. Ufunguo bila mguu ni chuma tu, shemeji. Nitaufuata Jumamosi."

Alipoondoka mama aliniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele ya moto. "Ulikuwa pale kila siku," alisema. "Hukuiona?"

"Niliiona, mama."

"Siku gani?"

"Ya sita."

Alifumba macho. Nikamweleza yote: mguu unaotaka kazi, injini ya Moshi, siri. Nilieleza huku nalia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoelewa mimi mwenyewe. Mama hakunipiga wala hakunikaripia. Alisema tu, polepole, "Moshi. Wiki moja," na maharage yakaungua mbele yake.

Wazo la kesho yake lilikuwa langu, na hilo nataka lijulikane. Alfajiri wanawake walileta madumu yao kama kawaida, nusu kwa matumaini, nusu kwa aibu. Pikipiki ilikuwa haijafika. Nikamwambia mama, "Mimi nitaibonyeza." Alinitazama, akatazama madumu. Akatandika blanketi juu ya kifuniko cha injini, kile kilichokuwa kati ya viti viwili vya mbele, nikalala pale kifudifudi, kichwa chini, mikono yote miwili imefika kwenye klachi.

"Nikisema bonyeza, bonyeza mpaka chini. Nikisema achia, achia kama unaweka yai."

Mara ya kwanza gari lilirukaruka likazimika. Mara ya tatu likaondoka. Nilisikia wanawake nyuma yetu wakipiga kelele, na mmoja akiita jina la Yesu. Mama aliendesha. Sikuona chochote ila kiatu chake cha kulia na lile tundu la sakafuni, ambapo ardhi ya Akheri ilipita kama mto wa kahawia. Kifuniko cha injini kilipata moto mpaka blanketi likanuka. "Bonyeza. Achia. Bonyeza. Vizuri, mama yangu, vizuri." Tulishuka mpaka barabara kuu tu, pale Tengeru, tukayapakia maziwa kwenye gari la mtu mwingine. Kurudi, mama aliimba. Siku tano tulifanya hivyo, na kwa siku tano niliamini nimelipa.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa mwisho kulikuwa na lori limekwama, na watu wamelizunguka. "Bonyeza!" mama alipaza sauti, "shikilia, usiachie!" Gari liliingia shimoni, nikarushwa, na mkono wangu wa kulia ukateleza chini ya pedali huku wa kushoto ukiendelea kuisukuma. Fundi hakuwa amepiga tupa ukingo wa lile tundu, bati lilikuwa kali kama alivyolikata. Nilisikia maumivu yakipanda mpaka kwenye meno. Lakini mama alikuwa amesema nisiachie, na mara ya mwisho nilipoamua mambo kwa akili yangu nilikuwa nimemvunja. Sikuachia. Nilishikilia mpaka gari likasimama kabisa, mpaka akavuta handbreki, mpaka akasema, "Haya, achia sasa." Ndipo akaona sakafu.

Sikumsikia akipiga kelele. Alinivuta juu, akachana ukingo wa khanga kwa meno, akafunga vidole viwili vilivyokuwa vimekatika karibu mpaka mfupa. Mikono yake ilikuwa imetulia, lakini alikuwa anasema neno moja tu, "Hapana, hapana, hapana," kama anayemjibu mtu. Watu wa lori walitupeleka zahanati kwa pikipiki, na mmoja wao akaturudishia gari na ufunguo nyumbani.

Baba mdogo alikuja mchana kama alivyoahidi. Alikuwa amejiandaa kwa maneno, niliona alivyosimama. Mama alikuwa amekaa barazani na mkono wangu mapajani mwake. Alivua ile kamba shingoni bila kuinuka, akaunyoosha ufunguo.

"Umekubali, shemeji?" baba mdogo aliuliza, akashangaa.

"Chukua. Toa hilo gari hapa asilione tena huyu mtoto."

Baba mdogo akatazama bandeji yangu. Kisha akaenda, akawasha dizeli, akarudi nyuma taratibu mpaka nje ya uzio.

Mwanzoni alibeba maziwa, miezi michache, na mama alikaa kando yake. Halafu akaanza kubeba mchanga na matofali, kwa sababu yalilipa zaidi, na wanawake wakatafuta njia nyingine. Mama aliuza maziwa kwa majirani kwa kikombe. Hakuwahi kuendesha tena gari lolote.

Niliwahi kumuuliza, nilipokuwa mtu mzima, nimekuja nyumbani likizo. Tulikuwa mezani asubuhi, yeye na mimi tu. Nilimuuliza kama kweli, endapo ningemwambia siku ile ya sita, angeweza kubadili kitu chochote, yeye mjane mwenye fimbo, mbele ya msimamizi aliyewekwa na ukoo. Nadhani nilitaka aseme hapana. Nilikuwa nimelitayarishia jibu hilo nafasi kwa miaka mingi.

Mama hakufikiri hata kidogo. "Ningemzuia," alisema. "Ningepanda gari la kwanza na kulala chini ya lile gari mpaka injini ya Moshi ije."

Kisha akanimiminia chai, akasogeza kikombe upande wa mkono wangu wa kushoto, ule mzima, kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu nikiwa na miaka tisa.